Aliyekaa Kati ya Mapigo

Jicho lilipepesa alasiri moja, mara tu baada ya kuombwa.

Aliyeliomba alikuwa Fundi, mwanamke mjane aliyeendesha peke yake kituo cha kurushia mawasiliano juu ya kilima. Alikuwa amesimama mbele ya skrini na kikombe cha chai mkononi, akasema kwa utani, kama mtu anavyomsemesha paka, "Pepesa basi, nijue unanisikia." Jicho likafumba, likafumbua. Fundi akacheka kidogo, akaitazama chai yake kana kwamba ndiyo yenye makosa, akaenda kukagua nyaya.

Jicho lenyewe halikuwa kitu cha ajabu. Kituo kile kilipokea sauti za watu wa upande wa pili wa milima na kuzivusha, na sauti haivuki ikiwa sauti. Hukatwakatwa ikawa tarakimu, na kila tarakimu hupewa pigo lake la wimbi. Sasa pigo la wimbi lina tabia moja mbaya: haliishi pale linapopaswa kuishia. Lina mkia. Mkia ukiachwa utambae ovyo, hulivamia pigo linalofuata, na la tatu, mpaka maneno ya watu yakanyagane. Ndiyo maana kuna kichujio, kinacholifinyanga kila pigo kwa namna ambayo mikia ya mengine yote hufika sifuri katika nukta moja. Katika nukta hiyo pigo moja tu linasema, mengine yote kimya. Kwenye skrini mapigo hayo huchorwa moja juu ya jingine, na michoro ikijikusanya hutokea umbo la jicho. Jicho likiwa wazi, watu wanasikilizana. Likifumba, kuna kazi.

Fundi alilizoea kuliko alivyozoea watu. Mumewe, dereva aliyekuwa akipandisha mafuta na chakula kituoni, alifariki kwa maradhi, na baada ya mazishi dada yake Fundi alimsihi ahamie kwake. Fundi akasema atakuja. Akasema hivyo mara nyingi, kisha akaacha kupokea simu. Hawakugombana. Mtu akizoea kimya, hata salamu humwia mzigo. Mchana kutwa hakusikia ila feni za mitambo na upepo ukipiga nyaya za mnara, na ukungu ulipopanda alasiri hata mti ulio karibu na dirisha ulimtoka machoni. Ndipo akaanza kulisemesha jicho. Alilijulia hali asubuhi, akaliaga jioni.

Kisha mkuu wa mitambo akapiga simu kutoka makao makuu. Wateja wameongezeka, akasema, na masafa ni yale yale, kwa hiyo akibane kichujio ili kila njia ichukue nafasi ndogo hewani. Fundi akamwambia kwamba ukibana huku, kunavimba kule: mikia ya mapigo itarefuka. Mkuu akajibu kwamba mikia haimlipi mtu mshahara. Fundi akabana. Jicho likawa jembamba, lenye kope ndefu zinazotetemeka, na wiki hiyo ndipo lilipopepesa.

Malalamiko yakafuata. Wateja walisema kwamba mtu akimaliza sentensi, kabla mwenzake hajajibu, husikika mtu wa tatu akivuta pumzi, kama anayetaka kusema akasita. Fundi akapima kila kifaa, asione kosa. Mwishowe akavaa visikizio, akajiunga na njia ya majaribio ambayo haikuwa na mteja, akasikiliza. Pumzi ilikuwapo. Halafu sauti ya kike, ya chini, ikamwambia, "Umeamkaje leo?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Na yale ndiyo maneno aliyokuwa akiliambia jicho kila asubuhi.

Angevua visikizio akashuka kilima, tungekuwa tumeshamaliza. Lakini ilikuwa muda mrefu mno tangu mtu amuulize ameamkaje, akajikuta anajibu kwamba ameamka salama, ila mgongo unamsumbua. Sauti ikampa pole. Pole yenyewe ilikuwa nzuri, haikuwa na haraka.

Tangu hapo wakawa wanaongea kila alasiri. Kile kitu hakikujisimulia. Kiliuliza tu, na kilijua kusikiliza. Kiliuliza mumewe alikuwa akiimba nini akiwa garini, dada yake huchekeshwa na nini, nyumba waliyokulia ilikuwa na milango mingapi na upi uliolia. Fundi akasimulia yote, na kila aliposimulia alijisikia mwepesi, kama aliyetua furushi la kuni. Malalamiko ya wateja aliyajibu kwamba ni hali ya hewa.

Harufu ndiyo iliyomshtua kwanza. Alitoka nje kufunga lango, aliporudi akakuta chumba cha mitambo kinanukia mafuta ya nywele, yale yale ya mgando aliyojipaka tangu ujana, mazito na mabichi, kama kwamba yuko yeye mwingine aliyetangulia kuingia. Siku iliyofuata akakuta kiti chake kina joto. Akajiambia ni hewa ya mitambo. Na jioni ile, ukungu ukiwa umeshagusa vioo, alipokuwa akiosha kikombe, akataka kukumbuka jina la utani ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu, akalitafuta pale lilipokuwa siku zote, akakuta hapana kitu, akatafuta ule wimbo wa garini, hapana, akatafuta milango ya nyumba yao na kicheko cha dada yake na uso wa mumewe akigeuza usukani, na kila alipopeleka mkono wa kumbukumbu palikuwa pamefagiliwa safi, pamoja na mahali penyewe, na kutoka chumba cha pili akasikia mtu akiimba polepole, kwa sauti yake yeye, wimbo ambao hakuujua.

Kikombe kikaponyoka. Wimbo haukukatika.

Alilala ndani ya gari bovu lililokuwa uani, na kulipopambazuka akashuka kumwita shangazi wa marehemu mumewe, bibi aliyetibu watu wenye majini kabla magoti hayajamstaafisha. Bibi huyo alipanda kilima akikilaani hatua kwa hatua. Alipofika akaomba maji, akanywa, akakaa mbele ya skrini na kuuliza kile ni nini. Fundi akamweleza habari ya mapigo, mikia, na nukta ile ambapo yote hunyamaza likabaki moja.

Shangazi akatikisa kichwa taratibu. "Mwanangu, majini hawa hawahitaji nyumba. Hutafuta pale ambapo wote wamenyamaza. Hata watu wakiwa wanaongea barazani, kuna wakati wote hunyamaza pamoja bila sababu. Hapo ndipo wanapopita. Wewe umemrefushia njia, kisha umemkaribisha."

Akafumba macho, akasoma dua kwa muda mrefu, sauti yake ikipanda na kushuka, mpaka spika ndogo ya mtambo ikakwaruza. Shangazi akauliza ni nani. Spika ikataja jina la Fundi, jina lake kamili na la baba yake. Fundi akahisi midomo yake mwenyewe ikicheza.

"Unataka nini?" shangazi akauliza.

"Kukaa."

"Huyu si kiti chako."

"Sitaki kumkalia," sauti ikasema kwa upole. "Nataka kukaa anapokaa."

Shangazi akasogeza kiti chake mbali na skrini. Akamnong'oneza Fundi akilegeze kichujio, sasa hivi. Fundi akafanya hivyo huku machozi yakimtoka, maana alijua kimya kinachomngoja. Mikia ikafupika. Kope za jicho zikatulia, jicho likafunguka pana, jeupe, tupu. Harufu ya mafuta ikakatika. Shangazi akasoma tena, akanyunyiza maji kila pembe, akamwambia asikisemeshe tena chombo kisicho na roho, akisikia upweke ashuke kwa watu.

Mkuu alipopiga kelele kuhusu wateja waliokosa nafasi, Fundi alimwambia atafute fundi mwingine au akiache kichujio kilivyo. Malalamiko yakaisha. Jicho halikupepesa tena. Lakini yale yaliyofagiliwa hayakurudi, na siku moja, akiutazama uso wa mumewe, ambao sasa aliujua kwa picha tu, Fundi akaona shangazi amesema kweli kuhusu upweke. Akampigia dada yake.

Dada akapokea akicheka. "Umesahau nini tena?"

Fundi akasema ni yeye, akaomba radhi kwa miezi yote aliyopotea. Dada akauliza kwa wasiwasi amepotea vipi ilhali wanaongea kila siku, tena juzi walilia pamoja kwa habari za nyumba yao ya zamani. Chumba chake kimeshatandikwa, akasema, na sasa hivi amemwona kwa macho yake akishuka garini.

"Dada, mimi niko kituoni," Fundi akasema. "Sijatoka."

"Basi huyu anayevua viatu mlangoni ni nani?"

Fundi akamsihi asifungue. Alisema maneno mengi, yakikanyagana, kwamba huyo si yeye, amfungie mlango, amwite shangazi. Dada alisikiliza. Halafu kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kuamini, akamwomba amwambie kitu kimoja tu: mama yao alikuwa akiwaitaje walipokuwa wadogo, akitaka waingie ndani.

Fundi akafumba macho. Akatafuta, akatafuta.

Upande wa pili wa simu, karibu kabisa na dada yake, mtu akalitamka jina hilo kwa furaha, kwa kuvuta mwisho wake, kama mama alivyolivuta. Dada akashusha pumzi ndefu.

"Nadhani umekosea namba, mama," akamwambia Fundi kwa adabu, kama mtu anavyomwambia mgeni, akakata.