Tundu Nyuma ya Zulia

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Dunja alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiko la kuni. Alizoa majivu, akapanga vijiti vikavu, akawasha karatasi, kisha akangoja moto ukohoe mara mbili tatu na kushika. Hapo ndipo Bibi Stana alipotoa pua nje ya blanketi na kuuliza swali lake la kila siku.

"Magogo mangapi?"

"Mawili, Bibi."

"Nimesikia matatu yakigonga."

"La tatu lilianguka. Nimelirudisha."

"Hm," alisema Bibi. Katika nyumba ile, hiyo "hm" ilikuwa kama polisi anayekurudishia kitambulisho huku bado anakutazama usoni.

Watu wa miji mingine hutucheka sisi wa Pirot. Wanasema tunabana matumizi mpaka usiku tunasimamisha saa ya ukutani ili isichakae. Ni uongo mtupu. Tunaisimamisha mchana, tukiwa hatupo.

Nyumba ya kina Dunja ilikuwa na vyumba vitatu, lakini tangu Novemba mpaka Machi waliishi katika kimoja. Hapo walipika, hapo walilala, hapo Dunja alifanya hesabu zake. Milango ya vyumba vingine ilifungwa na kuwekewa blanketi lililokunjwa chini, na madirisha yalizibwa pembeni kwa vipande vya sponji. Baba alikuwa Slovenia kwenye kazi za ujenzi. Kuni alizoziacha uani zilipaswa kufika Machi, na zikiisha, hakuna nyingine. Mama, aliyeshona nguo kiwandani, alimpa Dunja cheo.

"Wewe ni Waziri wa Kuni," alimwambia. "Serikali ikiganda, tunakufukuza."

Dunja, mwenye miaka kumi na miwili, alikipenda cheo hicho kuliko alivyokubali kuonyesha.

Shida ilikuwa shingo ya Bibi. Bibi alifuma mazulia, na kutwa nzima alikaa kwenye mtambo wake wa kufumia, mgongo ukiwa umeelekea ukuta. "Promaja," alinung'unika. "Inanichungulia shingoni kama mwizi." Promaja ni ule upepo mwembamba unaopenya ndani, na kwetu watu wanauogopa kuliko mbwa mwitu. Jino likiuma ni promaja. Ukifeli mtihani, bila shaka ulikaa karibu na dirisha.

Jumapili moja, Mama na Bibi walipokwenda kanisani, Dunja aliamua kumtafuta huyo mwizi wa shingo. Aliinua zulia dogo lililotundikwa nyuma ya mtambo. Ukutani palikuwa na tundu la ukubwa wa kisahani, na baridi ilikuwa ikipiga mluzi humo bila aibu. Dunja alichukua soksi nene ya Baba, ya sufu, akaisokomeza ndani mpaka mluzi ukanyamaza. Zulia likarudi mahali pake.

Jioni ile chumba kilikuwa na joto tamu. Shangazi Kosara, jirani yao, aliwaletea chungu cha sarma, nyama na mchele vilivyoviringishwa kwenye majani ya kabichi kali. Walikula mpaka wakafungua vifungo.

"Leo tumechoma magogo machache," Mama alisema. "Waziri, umefanyaje?"

"Siri ya wizara," alijibu Dunja. Sifa ni tamu, na tamu zaidi ni ile isiyoulizwa maswali.

Asubuhi Bibi aliamka na kichwa kizito. Mama pia alilalamika, akameza kidonge akaenda kazini. Jumanne Bibi alitapika. Dunja naye alikuwa akiumwa kichwa kila asubuhi, lakini akifika shuleni, baada ya kipindi cha kwanza, kichwa kinapona.

"Kinapona chenyewe?" Mama aliuliza, akimtazama kwa jicho moja. "Na mtihani wa hesabu ni lini?"

"Alhamisi."

"Aa. Kichwa hicho kina ratiba."

Bibi hakumshuku Dunja. Alikuwa na mtu mwingine. Alijaza bakuli maji, akatoa makaa matatu jikoni, akayatumbukiza moja moja kama wazee wetu wanavyofanya kumtafuta mwenye kijicho. Makaa yote yalizama, dalili kwamba kijicho kipo.

"Umeona?" alinong'ona. "Kosara. Jumapili alilisifu zulia langu na hakutema mate pembeni kufukuza kijicho. Na ile kabichi yake sikuipenda tangu mwanzo."

"Ulikula sarma sita, Bibi."

"Nilikuwa nachunguza."

Dunja alicheka, lakini neno likamwingia. Kwani maumivu hayakuanza baada ya chungu kile? Kesho yake shuleni, Uroš, mjukuu wa Kosara aliyeketi naye dawati moja, alimpigia kelele tangu getini. "Waziri, mnapika nini kwenu, mbona una sura ya jibini la mwaka jana?"

"Muulize bibi yako alitutilia nini kwenye kabichi," Dunja alijibu, mbele ya darasa zima.

Uroš aliacha kucheka. "Sisi tulikula chungu hichohicho. Jana bibi yangu kapasua kuni mpaka jioni."

"Basi yenu aliipakua kabla hajatia."

Mtu mmoja nyuma akaguna "uuu". Uroš alibeba mkoba wake akahamia dawati la mbele kabisa, na hakugeuka tena siku ile wala iliyofuata. Ijumaa wanafunzi wengine nao waliukataa mkate ambao shangazi Kosara alimfungia mjukuu wake.

Jumamosi Mama alikuwa kazini. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, na Dunja alikuwa ameongeza gogo ili Bibi afume vizuri. Kichwa kilimgonga kama mtu anapigilia misumari. Mara akasikia mtambo umenyamaza. Bibi alikuwa ameinamia nyuzi zake, mikono imelegea, na alipoitwa alijibu kwa maneno yasiyoeleweka. Kisha akateleza, akaanguka sakafuni.

Dunja alijaribu kumvuta, akashindwa. Miguu yake mwenyewe ilikuwa kama si yake. Alitambaa mpaka mlangoni, akaufungua, akaita jina la kwanza lililomjia.

"Shangazi Kosara! Shangazi!"

Kosara aliruka ua akiwa na ndara miguuni. Hakuuliza kitu. Alimshika Bibi makwapani, akamburuta mpaka barazani, akamfunika kwa koti lake mwenyewe, kisha akapiga simu ya gari la wagonjwa. "Pumua, dada Stana. Pumua, mchoyo we. Ukifa nani atanirudishia chungu changu?"

Bibi alifumbua macho.

Hospitalini waliwawekea hewa safi ya kuvuta, wote wawili. Daktari alipima damu akakunja uso. "Mmevuta gesi ya sumu," alimwambia Mama. "Haina rangi wala harufu, inatoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha. Msiwashe jiko hilo mpaka msafisha dohani alikague. Saa moja zaidi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Dunja alisikia kila neno. Moto usiopata hewa. Alifumba macho, akaiona soksi.

Hakusema kitu. Alijiambia kwamba huenda dohani, lile bomba la moshi, imejaa masizi. Siku mbili alijiambia hivyo, huku wakilala kwa Kosara, chini ya mablanketi ya Kosara, wakinywa chai ya Kosara, na Bibi akinusa kila kikombe kabla ya kunywa.

Jumatatu akaja mjomba Tihomir, msafisha dohani, mweusi kuanzia kofia mpaka viatu. Alipoingia tu uani, Mama, Bibi, Kosara na Uroš wote walishika vifungo vya makoti yao, maana kwetu ukimwona msafisha dohani hukosi bahati ukishika kifungo. Dunja alikishika chake mpaka kikakatika.

Mzee alipanda paani, akashusha brashi yake, akashuka. Akafungua jiko, akachungulia, akanusa. Akakuna kidevu.

"Sipendi," alisema. "Dohani safi. Jiko zima. Madirisha mmeyaziba vizuri, hongera. Sasa nyumba hii inapumulia wapi? Marehemu mume wako, Stana, nilimtobolea tundu hapahapa ndani. Nakumbuka alinilipa kwa soseji."

"Basi mtu kaliziba kwa nje," alisema Bibi, na macho yake yakatua kwa Kosara. "Mtu anayepita uani kwetu kila siku na vyungu."

Kosara aliweka mezani polepole birika la chai alilowaletea. Uroš aliangalia viatu vyake, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ni mimi," Dunja alisema.

Hakuna aliyegeuka, kwa hiyo alirudia kwa sauti. "Ni mimi niliyeliziba. Jumapili ile, kwa soksi ya Baba. Nilitaka shingo yako isipate baridi, Bibi, na kuni zifike Machi. Shangazi Kosara hakufanya chochote. Na hospitalini nilishajua."

Aliinua zulia. Mjomba Tihomir aliingiza vidole viwili tunduni, akaivuta soksi taratibu, ikatoka ndefu, ya kijivu, na nyuma yake baridi ikapiga mluzi.

Mama alikaa kitini. "Siri ya wizara," alisema kwa sauti ndogo, na Dunja alitamani angempiga makofi kuliko kusema hivyo.

"Msimmeze mtoto," alisema mjomba Tihomir. "Nimezitoa soksi, mito, hata sufuria kwenye matundu kama haya, na wengi walioziweka walikuwa na ndevu. Sikiliza, Dunja. Kubana kuni ni akili. Funga milango, ziba madirisha, choma kuni zilizokauka miaka miwili, toa majivu kila siku, shusha pazia jua likizama. Lakini moto na watu wanakunywa hewa kikombe kimoja. Ukiuziba moto, unajiziba mwenyewe. Hilo la kwanza. La pili, kosa lako la Jumapili lilikuwa la kutojua. La hospitalini lilikuwa la kujua, na hilo ndilo lililokaribia kumharibia mtu jina. Kosa likisemwa mapema huwa dogo."

"Na shingo yangu?" aliuliza Bibi.

Mzee alitazama mtambo, akatazama ukuta wa pili. "Stana, kwa miaka thelathini hukuwaza kuuhamisha?"

Waliuhamisha wote sita, hatua nne tu.

Kesho yake Dunja alisimama mbele ya darasa akasema ukweli wote, pamoja na habari ya soksi. Walicheka sana. Uroš alicheka kuliko wote, kisha akarudi kwenye dawati lao na kumgawia nusu ya mkate wa bibi yake. Dunja aliila nusu hiyo yote mbele yao.

Bibi alichukua siku tatu zaidi. Siku ya nne alivaa kilemba cha sikukuu, akashusha kutoka darini soseji nzima, ile tunayoikanda kwa chupa mpaka iwe bapa, akavuka ua. Kwa mtu wa Pirot, soseji nzima ni sawa na kupiga magoti.

"Nilikukosea, Kosara," alisema mlangoni.

Kosara aliipokea, akaigeuza, akainusa huku na huku. "Umetia nini humu?"

Walikaa jikoni kwa Kosara mpaka jioni, na kicheko chao kilisikika uani.

Siku hizi mbele ya tundu inaning'inia sufu nyekundu, uzi mmoja uliokatwa kwenye zulia la Bibi. Kila asubuhi, Dunja akishawasha moto, Bibi hutoa pua nje ya blanketi. Haulizi tena magogo mangapi.

"Uzi unacheza?"

"Unacheza, Bibi."

"Hm," anasema Bibi, kisha anainuka kwenda kuuangalia mwenyewe.