Maji ya Kuoga ya Mama Mkwe

Mutunga aliisikia paipu ikipasuka kabla hajaona mvuke. Ilitoa mlio kama soda iliyotikiswa, kisha weupe ukaruka kutoka chini ya boneti, na pikapu ikasimama katikati ya tambarare. Karavani iliyofungwa nyuma ikaisukuma kidogo, kama mtoto anayemwamsha baba yake.

Mbele kulikuwa na vumbi na migunga hadi macho yachoke. Nyuma, vivyo hivyo. Mji wa Mashuuru ulikuwa mahali fulani ng'ambo ya vilima, na aliyechagua njia ya mkato alikuwa Mutunga mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kulazimishwa na mtu.

"Tumefika?" sauti ikauliza kutoka ndani ya karavani.

"Bado, mwaitu," Ndulu akamjibu mama yake. Akamgeukia mumewe. "Simu haina network. Sema kitu."

"Maji," Mutunga akasema. "Naziba paipu, naweka maji, tunaenda."

Maji hayakumtisha. Karavani hii aliichomelea mwenyewe pale Kitengela, anapotengeneza milango na mageti, na chini yake alikuwa ameweka matangi mawili: moja la maji safi, jingine la kupokea maji machafu ya vyombo na ya kuoga. Alitaka mama mkwe aone kwamba bintiye hakuolewa na mageti tu. Lakini Mutunga ni Mkamba, na Mkamba na mama mkwe wake wana nthoni kati yao, heshima kali ya kutotazamana usoni, kutogusana na kutobanana mahali pamoja. Sasa watu wawili wa aina hiyo ukawaalike likizo ndani ya kibanda chenye magurudumu. Mutunga alilala kwenye pikapu siku zote za safari. Na kwa kuwa mbele ya pikapu wangekaa wakigusana mabega, mama mkwe huyo, Mama Masila, alikataa katakata kupanda huko. Alisafiri nyuma, peke yake, kama malkia ndani ya kabati la bati.

Mutunga akainama chini ya karavani, akafungua mfereji wa maji safi. Ukakohoa mara moja, ukanyamaza. Akagonga tangi. Likalia kama ngoma. Akagonga la maji machafu. Likajibu kwa sauti nzito ya kitu kilichoshiba.

Akakaa chini kwenye vumbi.

"Ndulu. Ile maji nilimwaga asubuhi."

"Ile chafu."

"Hapo sasa."

Mambo yalikuwa hivi. Naipanoi, mwenye shamba walikopiga kambi, aliwapa sharti moja tu: maji yao ya sabuni yasiguse silanga, lile bwawa la mvua ambalo ng'ombe wake hunywa. Mutunga akachimba shimo mbali na bwawa. Asubuhi ya kuondoka akavuta mpira hadi shimoni, akaenda kufungua mfereji, na papo hapo akasikia maji yakimwagika juu ya kichwa chake. Mama mkwe alikuwa anaoga. Kati yao palikuwa na bati tu. Mutunga akageuza uso kuelekea vilima kwa haraka ya mtu aliyechomwa, akarudisha mkono nyuma, akapapasa, akachomeka mpira kwenye mfereji uliomjia kwanza, akaufungua. Maji yakaenda shimoni, naye akapiga mluzi.

"Kwa hivyo tumebaki na ya vyombo," Ndulu akasema polepole.

"Na ya kuoga."

"Ya mama."

"Usiseme hivyo, tafadhali."

Maji ya kunywa yalikuwa nusu chupa kwenye dashibodi, moto kama chai. Mutunga alifunga paipu kwa ukanda wa tyubu kuukuu, akivuta kwa meno, na bado mbele yake kulikuwa na kazi ngumu kuliko hiyo.

"Muulize kama tunaweza kutumia hayo maji kwa radieta."

"Muulize wewe. Yuko hapo tu."

"Ndulu."

Ndulu akagonga mlango. "Mwaitu, huyu anauliza..."

Akagonga tena.

Akafungua. Joto lililotoka mle ndani liliwapiga usoni kama la tanuri la mkate. Mama Masila alikuwa ameegemea sinki, kichwa kimeanguka upande, midomo mikavu. Alisema jambo kuhusu mbuzi ambao hakuwa nao.

"Hajitambui," Ndulu akasema, akijaribu kumwinua. "Mutunga, siwezi. Ni mzito."

Mutunga alisimama mlangoni, macho chini, kama alivyofundishwa. Akaona viatu vya mama mkwe wake, vile vya kanisani, alivyovaa kwa ajili ya safari hii. Akaingia. Akamwinua mikononi, kichwa chake begani, akamtoa nje na kumlaza kwenye kiti cha mbele cha pikapu.

"Mpe maji ya chupa kidogo kidogo," akasema. "Yote ni yake."

Akafungua mfereji wa pili, safari hii akiutazama. Maji yakatoka ya kijivu, na punje za wali. Akalowesha leso, akamfunika mama mkwe kichwa na shingo. Akachuja mengine kwa fulana yake, akayamimina kwenye radieta. Injini ikawaka, ikatoa povu puani kama mtoto anayenyolewa.

Wakaenda. Kila mara sindano ya joto ilipopanda walisimama, wakamimina, wakalowesha leso upya. Ulimi wa Mutunga ulishika kwenye kaakaa. Ndulu alikuwa amebanwa katikati, anapepea kwa kifuniko cha sufuria, wala yeye na mumewe hawakuonja ya chupa. Kwenye mlima wa mwisho pikapu ilinguruma, ikanuka sabuni ya waridi, ikapanda.

Mashuuru, nesi wa zahanati alimpa Mama Masila maji yenye chumvi na sukari, akamlaza kivulini. Jua lilipoanza kulegea, Ndulu akiwa amemsimulia kisa cha mfereji, akakaa wima, akamgeukia binti yake.

"Mwambie bwanako..." Akageuza uso kwa mkwewe. "Mutunga."

Mutunga akatazama viatu vyake.

"Niangalie."

Akaangalia. Miaka yote hiyo hakujua kwamba Ndulu alichukua macho hayo hapo, macho ya mtu anayezuia kicheko.

"Karavani ni mzuri," Mama Masila akasema. "Lakini mfereji ya maji chafu paka rangi nyekundu. Na nikiwa naoga, wewe nisalimie uendelee na kazi. Heshima yako ilitaka kuniua."

Kisha akatembea hadi kwenye pikapu, akapanda mbele bila kuambiwa, akagonga kiti ili wafanye haraka.

Mutunga aliomba jembe, akachimba shimo mbali na mtaro wa zahanati, akavuta mpira ili amwage maji machafu yaliyobaki. Ndulu akamkuta amechuchumaa, anaukodolea mfereji kana kwamba utatoroka.

"Ni huo," akamwambia.

"Najua," Mutunga akasema. "Nahakikisha tu."