Aliyeitika Baharini

Maji ya bomba nyumbani kwa Mama Natalia, kule Bonga, bara, mbali na pwani, yaliingia chumvi siku ileile binti yake aliporudi likizo. Majirani walionja ya kwao. Hayakuwa na chumvi hata chembe.

Natalia alikuwa mwaka wa mwisho wa mafunzo ya uafisa katika meli za ulinzi wa pwani. Alionja yale maji, akayamwaga.

Siku ya tatu, mchana kweupe, sebule ilijaa uvundo wa samaki waliooza. Nyayo za maji zikatokea sakafuni, moja baada ya nyingine, zikaelekea kwenye kochi alikojilaza mama yake, na kabla Natalia hajanyanyuka, mama alikuwa anatapatapa, macho yamemtoka, akitapika maji ya bahari kama mtu aliyekandamizwa kichwa majini na mkono usioonekana.

Kisha mkono huo ukamwachia.

"Umeniletea nini, mwanangu?" mama alinong'ona.

Natalia alilia. "Nilikuwa zamu kwenye usukani wa meli. Nikaitwa jina, nikaitika. Kugeuka, hakuna mtu."

Wakamwita Mzee Shomari, mganga mwenyeji wa Tanga aliyehamia Maisaka, si mbali na hapo. Alifunga mlango, akafukiza ubani, akaanza kusoma dua. Mdomo wa Natalia ukafunguka wenyewe, ikatoka sauti nzito ya kiume.

"Aliitika, ni wangu. Akirudi melini, ataizamisha kwa mikono yake. Akibaki hapa, namalizana na mama yake."

Mzee alimkamata Natalia mabega. "Mjukuu wangu, ulimwitika mwenyewe, mkatae mwenyewe. Mimi namshikilia."

Meno yakigongana, ulimi mzito kama jiwe, Natalia alijikaza mpaka sauti yake ikapenya. "Sikukuitika wewe! Mimi si wako! Toka!"

Mabati ya paa yalitetemeka, vioo vya madirisha vikapasuka vyote kwa pamoja, Mzee Shomari akarushwa ukutani kama nguo. Halafu kimya. Uvundo ukaisha. Mama akavuta pumzi ndefu, akaomba uji.

Kesho yake, kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam kurudi melini, Natalia alipita Maisaka kumshukuru. Mzee alikuwa ameketi kizingitini, uso umempauka kama majivu.

"Shikamoo, babu."

Mzee akafungua kinywa aitikie. Halikutoka neno. Ulitoka mvumo wa mawimbi, na ndani yake, kwa mbali, watu wengi wakilia waokolewe.