Askari Asiyerudi Nyuma

Asubuhi moja ya Machi 1954, Mzee Dalal alikutwa amekufa katika duka lake la vitabu mjini Nakuru, kichwa kimepasuliwa kwa komeo la chuma. Mbele yake ubao wa sataranji ulikuwa na kete zake, kando pana kitabu cha mafumbo ya mchezo huo, cha kuwafunza wanaoanza.

Sajini Jonah Kemboi alipofika, Kinyanjui, mfanyakazi wa duka, alikuwa ameshafungwa pingu. Ni yeye tu aliyezoea kucheza na marehemu. Tena alikuwa Mkikuyu, na wakati ule wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowasaka Mau Mau, hilo lilitosha.

Mke wa Kinyanjui, Wariara, alimshika Kemboi mkono mlangoni. "Afande, watamnyonga. Jana jioni alikuwa nyumbani akimkanda mtoto mwenye homa. Lakini mimi nani ataniamini?"

Kemboi alijinasua taratibu. Aliingia ndani, akasoma kurasa za kwanza za kile kitabu, kisha akautazama ubao kwa muda mrefu. Ndipo akamwita shahidi, Micah, jirani aliyejulikana kwa kupeleka majina ya watu polisi.

"Uliona nini jana?"

"Nilipita jioni, afande. Walikuwa wanacheza, huyo Kinyanjui na mzee."

"Kete zilikuwa hivi?"

"Hivi hivi. Hakuna aliyezigusa."

Kemboi akaonyesha askari mweupe, kete ndogo iliyosimama mstari wa nyuma kabisa wa upande wake. "Huyu alifikaje hapa?"

"Alirudishwa tu, wakicheza."

"Askari husonga mbele, Micah. Harudi nyuma kamwe. Kinyanjui anajua hivyo, na mzee pia. Aliyempanga hapa hajui mchezo."

Akamwinua yule askari. Chini yake, kwenye ubao, palikuwa na tone la damu lililokauka.

"Damu ilitangulia, kete zikafuata. Wewe uliziona vipi hivi jana, mzee akiwa hai?"

Micah alitazama mlango. Konstebo alikuwa amesimama hapo.

"Mzee alisema ataenda kwa DC, mkuu wa wilaya," alinong'ona mwishowe. "Aseme nawataja watu wasio na kosa ili nichukue mashamba yao. Watu hao wangenimaliza, afande. Kete zilimwagika, nikazipanga ionekane ni Kinyanjui."

Kemboi alimfunga pingu, akaenda haraka ofisini kwa mkubwa wake, Mzungu, kumweleza yote na kudai Kinyanjui aachiliwe.

"Kesi ya mauaji imefutwa," alisema yule Mzungu bila kuinua macho. "Lakini ametajwa kuwa alikula kiapo cha Mau Mau. Lori la kambi ya kizuizini limeshaondoka naye."

"Aliyemtaja ni Micah, bwana. Muuaji."

"Ametajwa, Sajini."

Nje, Wariara alikuwa amesimama kando ya ukuta, mtoto mgongoni. Alipomwona Kemboi akitoka peke yake, alichungulia nyuma yake mlangoni. Alikaza fundo la leso kifuani, akalikaza tena.