Kitambaa Juu ya Kompyuta

Apolonia ana steshenari Manzese, ukuta mmoja na karakana ya seremala. Huchapa barua, mitihani na ratiba za mazishi. Jioni alikuwa akirudi nyumbani hoi. Kazi haikuwa nyingi. Kompyuta ndiyo iliyomchosha. Asubuhi ilikimbia, jua likipanda ilikokota miguu. Alifuta picha ili kupata nafasi, akapiga windo upya, yaani kuweka upya programu ya Windows. Wapi!

Siku moja alikuja Adelina, aliyefiwa na mama yake. Alitaka ratiba ya ibada ya mchana huo huo.

"Bado tu, dada?" aliuliza. "Watu wameshaanza kwenda kanisani."

"Bado. Hii mashine itanitoa roho."

Apolonia alimwita Chausiku, fundi kompyuta wa duka la pili kutoka hapo.

"Nipige windo tena?" Apolonia aliuliza.

"Nyie kila ishu windo! Asubuhi inakuwaje?"

"Nyepesi kabisa."

"Basi hao siyo virusi. Virusi hawasubiri jua. Shika hapa ubavuni."

Apolonia alishika, akatoa mkono haraka kwa joto. Chausiku akavuta kitambaa cha kufuma kilichofunika boksi la kompyuta.

"Na hiki?"

"Nazuia vumbi la mbao."

"Vumbi limeshaingia zamani. Hapa umeziba matundu ya hewa. Kompyuta ikizidi joto inapunguza mwendo yenyewe, isiungue. Hifadhi kazi, tuizime."

Walichomoa waya ukutani, wakaiacha ipoe. Chausiku alifungua ubavu. Feni ilikuwa imejaa unga wa mbao, haizunguki vizuri. Aliishika isizunguke, akaisafisha kwa brashi laini, kavu.

"Usitie maji, wala usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Safisha kila mwezi. Kitambaa funika ikiwa imezimwa na imepoa. Ukiona bado nzito, niite tuipime diski."

Apolonia alijisikia mjinga. Kitambaa kile alikifuma kwa mapenzi, kumbe alikuwa anaikaba mashine yake.

Walipoiwasha, feni ilivuma. Herufi zilifuata vidole. Ratiba zikatoka kwenye printa bila kukwama.

Adelina alichukua ya juu, akasoma jina la mama yake. Tangu msiba uanze alikuwa anakimbizana na jeneza, maturubai na magari. Hakuwa amepata hata nafasi ya kulia. Aliketi kwenye benchi, machozi yakamtoka.

Apolonia alitia ratiba kwenye bahasha, akaketi karibu naye.

"Lia, dada yangu," alisema. "Muda upo."