Adila Anunua Boti ya Mpira

Adila na mdogo wake Raya wanalima mwani Mlingotini, karibu na Bagamoyo. Zamani walipanda kwenye maji mafupi. Siku hizi maji hayo yana joto na mwani unakufa. Wamehamia kwenye kina kirefu, na huko hufiki bila chombo.

Mikdad, mume wa Adila, alikwenda mjini akanunua boti ya mpira, ile ya kujaza upepo. Aliichagua kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote. Muuzaji alimwambia ni imara, naye hakuuliza zaidi.

Hata mwezi haukuisha. Siku moja dada hao walikuwa wakirudi na mwani, mshono wa ubavuni ukaachia. Upepo ulitoka na boti ikalala upande. Raya hajui kuogelea. Adila alimkamata nguo, wakang'ang'ania boya la shamba mpaka wavuvi walipowaokoa.

Adila alifika nyumbani akichuruzika maji. Mikdad alisema ajali ni mipango ya Mungu.

"Mungu hakuibandika boti hii," Adila alimjibu. "Imebandikwa na mtu, tena vibaya, nawe ukainunua bila kuitazama."

Mikdad aliikunja boti ili airudishe dukani.

Kesho yake yeye na Adila walikwenda dukani. Muuzaji alidai wamezidisha mzigo. Aliwadai risiti ambayo yeye mwenyewe hakumpa Mikdad. Waliuliza waranti, akasema kwa bei ile hakuna waranti.

"Mdogo wangu nusura afe," Adila alimwambia.

Mtu yule aliendelea kupanga bidhaa zake.

Jioni jirani yao, Msabaha, alikuja kumpa Raya pole. Msabaha ana boti ya mpira ya kutembezea wageni, na ina miaka kadhaa. Adila, bado amefura kwa hasira, alimuuliza walikosea wapi. Msabaha aliigeuza boti yao iliyoharibika, akaonyesha gundi iliyobanduka.

"Boti rahisi ukiinunua kila mwaka, imekuwa ghali," alisema. "Tazama unene wa mpira. Uliza kama mishono imechomelewa kwa joto au imebandikwa tu. Boti iwe na vyumba kadhaa vya upepo, kimoja kikipasuka vingine vikushikilie. Ujue inabeba mzigo kiasi gani. Halafu waranti: ni ya muda gani, inahusu nini, na fundi wake yuko wapi. Waranti isiyoandikwa ni maneno matupu."

Wakadunduliza upya. Safari hii Adila alikwenda mwenyewe, duka jingine. Aliikagua boti chumba kwa chumba. Alimtaka muuzaji amsomee masharti ya waranti. Mishono na valvu za kujazia upepo vilikuwamo. Kuchanwa na miamba hakukuwamo.

"Dada, mbona huniamini?" muuzaji aliuliza.

"Sikuamini. Andika, na upige muhuri."

Akaandika.

Baada ya miezi michache valvu ilianza kuvuja. Adila alipeleka boti na karatasi zake dukani. Fundi akabadilisha valvu bila malipo, na kesho yake kazi ikaendelea.

Sasa wakulima wa mwani wakienda kununua boti humchukua Adila. Wauzaji wengine hununa wakimwona, naye hajali.

Raya alikataa kurudi majini kwa muda mrefu. Siku aliyokubali, alivaa jaketi la kuokolea, kisha akaizunguka boti akiubonyeza kila mshono kwa kidole. Adila alisimama majini akamngoja amalize.