Doa la Tatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Ijumaa, kadibodi iliyotandikwa chini ya gari ilikuwa na madoa matatu. Jana yake yalikuwa mawili.

Kufuli alipiga magoti, akachungulia vizuri. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wenzake wa timu ya wasichana ya mpira wa watu saba kila upande kwa sababu akisimama golini, mlango umefungwa. Nyumbani nako jina likamganda.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa hiyo. Jioni hutandika kadibodi chini ya gari la Mama, asubuhi huivuta na kusoma kilichodondoka usiku. Gari lenyewe, lenye nguvu magurudumu yote manne, lilikuwa limemzidi umri kaka yake, na kaka yake alikuwa kidato cha nne. Walilipachika jina la Ajuza. Mama alikuwa daktari wa mifugo, na bila Ajuza hakuna ng'ombe wa mlimani ambaye angepata dawa. Kwa kuwa hela za matengenezo zilikuwa za kuungaunga, Ajuza alitibiwa kwa zamu. Ukutani jikoni kulikuwa na orodha: tairi la akiba, bomba la moshi, kioo cha mlango. Kila mwezi kilitengenezwa kimoja.

Doa la kwanza lilikuwa jeusi, la mafuta ya injini. La pili lilikuwa zito na lenye harufu kali, la gia. Hayo mawili yalikuwa wenyeji. Doa la tatu lilikuwa mgeni. Lilikaa upande wa nyuma kushoto, karibu na gurudumu, rangi yake kama chai ya kuchujwa mara ya pili, ukubwa wake kama sarafu. Kufuli alilowesha kidole kwa maji, akalisugua. Likachanganyika na maji, likapotea kidoleni. Mafuta ya injini hayafanyi hivyo. Fundi Taratibu alikuwa amemfundisha: mafuta yanayokubali maji ni ya breki.

Alijua, basi. Tena alijua na jambo la pili. Kesho yake, Jumamosi saa tisa, timu yao ilikuwa na fainali katika shule ya ng'ambo ya mto, na Mama ndiye angewapeleka. Usiku uliopita Mama alikuwa amesema wazi mezani: "Hela iliyobaki ni ya mafuta ya safari ya kesho. Kitu kingine kikiharibika, safari hakuna."

"Kufuli!" Mama aliita kutoka jikoni. "Ajuza anasemaje leo?"

Kufuli aliigeuza kadibodi, upande safi ukawa juu.

"Madoa mawili, Mama. Yale yale."

"Haya. Njoo unywe chai."

Siku hiyo Ajuza alipumzishwa ili mafuta yasipungue, na Mama akaenda ofisini kwa miguu. Kufuli alijiambia kwamba doa la sarafu si kitu. Kabla ya kutoka aliirudisha kadibodi mahali pake, doa likiwa limetazama chini.

Shuleni, baada ya mazoezi, nahodha alianza kugawa viti.

"Golikipa mbele na mama yake. Sisi wengine nyuma. Asiyeoga akae dirishani."

"Basi wewe dirisha lako limeshapatikana," mmoja alimjibu, wakacheka.

Sisimizi, winga wao, mdogo kuliko wote, alimsogelea Kufuli. "Mama alinikatalia kabisa kwenda. Anauogopa ule mteremko wa kona saba. Nikamwambia anayeendesha ni daktari, mama yake Kufuli. Akasema, 'Basi, kama ni yule mama, nenda.'"

Kufuli aliinama. Alifunga kamba za viatu vyake ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Saa kumi na nusu alifika nyumbani na kwenda moja kwa moja kwa Ajuza. Juu ya kadibodi, upande uliokuwa safi asubuhi, palikuwa na doa jipya. Alichukua rula. La asubuhi lilikuwa sentimita mbili na nusu. Hili lilikuwa tisa. Akafungua boneti akakitazama kichupa cha mafuta ya breki. Mafuta yalikuwa yameshuka vidole viwili chini ya alama. Gari lilikuwa limesimama tu, halijakwenda popote, wala hakuna aliyekanyaga breki.

Kaka yake alipita na ndoo. "Daktari wa makadibodi, mgonjwa ana nini?"

"Niache."

"Lo! Leo hata salamu inauma."

Mama aliporudi, Kufuli alikuwa amekaa kizingitini, kadibodi magotini.

"Mama, asubuhi nilikudanganya."

Mama aliweka mkoba chini. "Kuhusu nini?"

"Yalikuwa matatu. Hili la tatu ni la breki. Niliona, nikageuza kadibodi. Niliogopa safari itavunjika."

Mama hakupandisha sauti. Aliichukua kadibodi, akaitazama upande mmoja, akaigeuza, akatazama wa pili. Kisha akapanda ndani ya gari na kukanyaga breki. Kanyagio lilizama taratibu kama mguu kwenye tope. Akashuka.

"Gurudumu lipi?"

"Nyuma kushoto."

"Una hakika, au unadhani?"

"Nina hakika. Nimepima."

"Kesho nilikuwa niwapakie watoto wa watu saba," Mama alisema, akachukua simu.

Jumamosi saa moja asubuhi Fundi Taratibu aliwasili na jeki begani. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Aliuzunguka uwanja mara moja, akaliegemea gari.

"Mama Daktari, wahenga walisema usipoziba—"

"Fundi, methali baadaye. Fungua gurudumu."

"Lipi? Maana nisipojua nafungua yote manne, na jua litanikuta hapa hapa."

Mama alimnyoshea Kufuli mkono. Kufuli akampa fundi kadibodi. Fundi aliilaza chini ya gari jinsi ilivyokuwa, akalinganisha doa na gurudumu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nyuma kushoto. Huyu binti amenipunguzia kazi robo tatu."

Alifungua nati, akatoa gurudumu, akaigonga ngoma ya breki, ule mfuniko wa chuma wa duara, mpaka ikaachia. Ndani, silinda ndogo ya breki ilikuwa imelowa. Alichomoa mpira mweusi mwembamba kama pete na kumwekea Kufuli kiganjani. Ulikuwa na ufa usiozidi unene wa uzi.

"Ni haka tu?" Kufuli aliuliza.

"Haka tu. Bei yake soda mbili. Lakini tazama hapa." Alionyesha kiatu cha breki, kile kipande kilichopinda kinachobana ngoma. "Mafuta yamebakiza kidole kimoja kufika hapa. Yangefika, kiatu hiki hakioshwi kikapona. Unatupa hiki na mwenzake, na hapo hata mimi ningekupa pole. Na huko mteremkoni ungekanyaga, ukakuta hewa."

Kaka yake Kufuli alitumwa dukani kwa baiskeli akanunue mpira na chupa ya mafuta ya breki. Malipo ya ufundi yalipatanwa hapo hapo: Fundi alikuwa na mbuzi wawili ambao hawajachanjwa, na Mama akaahidi kuwachanja Jumatatu.

Hata hivyo, chupa ilikuwa imekula hela ya lita mbili za petroli. Mama alipiga hesabu kidogo kichwani.

"Nilipanga kuwapitia wachezaji majumbani kwao. Huo mzunguko ndio lita mbili zenyewe. Sasa waje hapa kwa miguu. Wewe ndiye utakayewapitia uwaambie."

"Sawa, Mama."

"Na uwaambie kwa nini."

Kufuli alinyanyua macho. "Wote?"

"Wote saba. Na mama yake Sisimizi mwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wako."

Ilimchukua saa moja na nusu. Nahodha alimwita mjinga, kisha akaanza kutafuta soksi zake. Mama yake Sisimizi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Na sasa hizo breki zimepona?"

"Fundi anamalizia. Mama amesema zikikataa, haendi mtu."

Yule mama alimpima kwa macho. "Afadhali umesema. Atakuja."

Aliporudi alikuta mpira umeshafungwa. Ilibaki kutoa hewa iliyoingia kwenye bomba. Kufuli alipanda kitini akakanyaga, Fundi akiwa amelala chini na spana.

"Kanyaga mara tatu! Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Fundi alilegeza nati ndogo. Mapovu yakatoka. Akaikaza. "Achia! Tena!"

"Fundi, mguu unaniuma."

"Na mimi mgongo. Kanyaga!"

Mara ya tisa mapovu yaliisha. Kanyagio likawa gumu, likagoma nusu ya njia. Mama alimpeleka Ajuza hadi mwisho wa barabara na kurudi, akifunga breki mara sita. Kisha akaingia yeye mwenyewe chini ya gari na kupitisha kidole nyuma ya gurudumu. Kilitoka kikavu.

Waliondoka saa sita na dakika ishirini. Katika kona ya tano ya mteremko, ng'ombe watatu walikuwa wamelala katikati ya barabara. Mama alikanyaga breki. Ajuza alisimama hatua nane kabla yao. Huko nyuma Sisimizi alikuwa ameng'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

Mama aliwatazama wale ng'ombe kwa jicho la kazi. "Wazima wote," akasema, na gari zima likapasuka kwa kicheko.

Wakati mchungaji anawaswaga, Mama alimgeukia Kufuli.

"Kazi yangu ni kutibu wasioweza kusema. Ng'ombe haniambii panapomuuma. Nategemea anayemchunga aniambie alichokiona, chote, hata kama hakipendi. Akinificha kimoja, dawa yangu inakuwa kubahatisha. Kutaka kwenda kwenye mechi si kosa. Kosa ni kuninyima nilichohitaji kukijua kabla sijashika usukani. Umelisahihisha mwenyewe kabla halijamuumiza mtu, nami nimeliona hilo pia."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, funga mkanda."

Mechi ilikwisha bao moja kwa moja. Iliamuliwa irudiwe mwezi unaofuata, kwenye uwanja wa nyumbani.

Jumapili, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kufuli aliivuta kadibodi mpya.

"Kufuli! Ajuza anasemaje?"

"Injini tone moja, la ukubwa wa kifungo. Gia moja. Nyuma kushoto pakavu."

"Na kulia?"

Kufuli aliinama tena, akatazama, akapitisha kidole.

"Kulia pakavu, Mama."